Kampuni yetu inarudi nyuma kwenye nishati safi. Tuseme nini?

SWALI: Mtaalamu, salamu. Ninafanya kazi katika kitengo cha mawasiliano cha kampuni ya nishati. Tunauza mafuta na gesi, na miaka ya karibuni tumeanza pia kuzalisha umeme wa jua na wa upepo. Miaka minne iliyopita tulitangaza kwa kishindo kwamba ifikapo 2050 hewa ukaa yetu itakuwa sifuri ukitoa ile tunayoiondoa. Sasa bodi imepunguza bajeti ya nishati safi. Inasema serikali zinabadili sera kila kukicha na riba imepanda. Nimeagizwa niandike taarifa ya kueleza uamuzi huu. Wanasheria wanataka tunyamaze. Wanaharakati mtandaoni wanatuita waongo, na baadhi ya wanahisa wanatuita wapumbavu kwa kuianza safari yenyewe. Rasimu yangu inasema: "Kampuni inabaki na dhamira ya dhati ya kuongoza mpito kuelekea mustakabali wa kijani, huku ikizingatia mazingira ya soko yanayobadilika." Bosi ameipenda. Mimi siipendi, ila sijui kwa nini. Hili ni tatizo la sera au la mawasiliano? Na niandike nini?

JIBU: Huipendi kwa sababu haina neno hata moja ambalo mtu anaweza kukurudia nalo mwakani. Futa jina la kampuni yenu, bandika la mshindani wenu, sentensi inabaki ilivyo. Zaidi ya hapo, inadai mmebaki mlipokuwa na papo hapo mmeondoka. Msomaji ataihisi hila hata akishindwa kuionyesha kwa kidole, kama ulivyoihisi wewe uliyeiandika.

Kama tatizo ni la sera au la mawasiliano, nitaanza kujibu kwa kukurudisha kwenye siku ya ahadi, kwa maana siku ya kupunguza bajeti ni matokeo tu. Ahadi ni deni, na ile ya kwenu ilikuwa madeni matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja.

Deni la kwanza ni la kwenu peke yenu: gesi mnayoichoma ovyo visimani, methani inayovuja kwenye mabomba na vali, umeme na mvuke vinavyoendesha mitambo yenu. Hapo hamwombi ruhusa ya mtu. Na si jambo dogo, maana methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Deni la pili mnadaiwa pamoja na serikali: vibali, njia za kusafirisha umeme, bei ya minada, nafuu za kodi. La tatu linamhusu mteja, yule anayejaza tangi na kuondoka. Kwa kampuni ya mafuta, moshi unaotoka kwenye injini na majiko ya wateja ndio sehemu kubwa kabisa ya hesabu yote, na mkurugenzi wenu hawezi kuuzima kwa kutia sahihi kwenye karatasi.

Mlipotangaza, mliyachanganya yote mkayaita "yetu". Leo sera imeyumba, deni la pili limekwama, na watu wanadhani yote matatu yamekwama. Huenda la kwanza linalipwa vizuri tu, lakini nani atajua? Kwa hiyo jibu langu ni hili: sera ndiyo iliyowakwamisha, lakini mawasiliano ndiyo yaliyofanya kukwama kwenu kuonekane ni udanganyifu.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni BP, kampuni kubwa ya mafuta ya Uingereza. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliachana na nembo yake ya ngao, ikavaa ua la kijani na njano, na ikaanza kujinadi kwamba imevuka petroli. Biashara yenyewe ilikuwa bado mafuta. Aprili 20, 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ukalipuka katika Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa, na kisima kikamwaga mafuta baharini kwa siku 87. Lile ua likageuka shabaha, kila mchora katuni akalichovya kwenye lami. Kampuni isiyojiita ya kijani ingelaumiwa kwa ajali. BP ililaumiwa kwa ajali na kwa ua.

Miaka kumi baadaye walijaribu tena, na safari hii kwa uzito zaidi. Mwaka 2020, chini ya mkurugenzi mtendaji Bernard Looney, waliahidi kwamba kufikia 2030 wangepunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kulinganisha na 2019. Hakuna kampuni kubwa ya aina yao iliyokuwa imethubutu kutamka namba kama hiyo. Februari 2023, vita vya Ukraine vikiwa vimepandisha bei ya gesi na faida zao, wakaishusha hadi asilimia 25. Februari 2025 mrithi wake, Murray Auchincloss, akatangaza mwelekeo mwingine kabisa: uwekezaji katika mafuta na gesi upande hadi takribani dola bilioni 10 kwa mwaka, na ule wa nishati safi ukatwe kwa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka. Akakiri kwamba walikwenda mbali mno na kwa kasi mno.

Watu wengi katika fani yangu huisimulia hadithi hii kwa kicheko. Mimi hainichekeshi. Tunaweza kuisimulia kwa tarehe na asilimia kwa sababu BP walitoa namba. Kampuni nyingi hazikutoa, nazo zimekaa kimya zikiwatazama wenzao wakisulubiwa. Huo ndio ubaya wa soko la ahadi lilivyo sasa: anayepimika ndiye anayepigwa. Ukitaka kujua sekta nzima ilikuwa wapi wakati huo, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2023 kwamba kampuni za mafuta na gesi zilichangia takriban asilimia 1 tu ya uwekezaji wa nishati safi duniani, na asilimia 60 ya hicho kidogo ilitoka kwa kampuni nne.

Kilichokosekana kwenye ahadi ya 2020 ni masharti. Wangeweza kusema siku ileile: tutashusha kwa asilimia 40 iwapo mahitaji ya mafuta yatashuka kwa kiwango hiki, iwapo miradi ya upepo italipa faida hii, yasipotimia, tutarudi hapa na kuwaambia. Wangeonekana waoga kwa wiki moja. Sharti likiandikwa siku ya ahadi, msomaji huliona kuwa ni uangalifu. Likiibuka siku ya kushindwa, hata kama ni kweli tupu, huitwa kisingizio. Taarifa yenu ya leo ina kazi ngumu kwa sababu inajaribu kubandika sharti miaka minne baada ya ahadi.

Sasa nikuelezee kwa nini sera inatikisa nishati safi kuliko inavyotikisa mafuta, maana usipolielewa hili hutaweza kulieleza. Mtambo wa gesi hulipia sehemu kubwa ya gharama zake kidogo kidogo, kila unapowashwa. Gesi ikipanda bei, bei ya umeme nayo hupanda, na mwenye mtambo mara nyingi anajikinga humo. Shamba la upepo baharini hulipa karibu kila kitu kabla ya kuuza uniti ya kwanza: nguzo, mapanga, nyaya, meli za kusimika. Upepo ni wa bure, lakini mkopo si wa bure. Riba ikipanda kidogo, au serikali ikisogeza kibali kwa miaka miwili, hesabu ya miaka 20 inapinduka. Kwa biashara ya namna hii, serikali kutotabirika ni gharama halisi, inayoingia kwenye bei kama chuma kinavyoingia.

Hispania ilitoa bei nono sana kwa umeme wa jua mwaka 2007, paneli zikamiminika, deni likafura, kisha kuanzia 2010 serikali ikaanza kukata malipo hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa. Makumi ya kesi za usuluhishi wa kimataifa yakafuata, mengine yakiburuzana kwa zaidi ya miaka kumi. Marekani ilipitisha mwaka 2022 sheria ya nafuu za kodi iliyowafanya wawekezaji wapange miaka mingi mbele. Julai 4, 2025 sheria nyingine ikafupisha muda huo kwa upepo na jua. Mwezi uliofuata serikali ikasimamisha kazi kwenye mradi wa Revolution Wind, karibu na pwani ya Rhode Island, ukiwa umefika takriban asilimia 80. Mahakama iliruhusu kazi iendelee mwezi Septemba, lakini benki zilikuwa zimekwisha kuona kinachowezekana.

Mmoja wa wamiliki wa mradi huo ni Ørsted, kampuni ambayo wazungumzaji wa mikutano ya nishati waliitaja kama mtoto mwema wa darasa. Zamani iliitwa DONG, kifupi cha Mafuta na Gesi Asilia ya Denmark. Mwaka 2017 iliuza visima vyake na kubadili jina. Hiyo ilibadili jina baada ya kubadili kazi, tofauti kubwa na ua la BP. Hata hivyo mwishoni mwa Oktoba 2023 ilitangaza kuiacha miradi miwili mikubwa ya New Jersey, Ocean Wind 1 na 2, ikitaja riba, ucheleweshaji wa vifaa na nafuu za kodi zisizo na uhakika, na kuandika hasara ya mabilioni ya dola. Hisa zilianguka. Lakini sikumbuki wengi wakiiita laghai. Walisema imekosea hesabu, na kati ya tuhuma hizo mbili, mtu wa mawasiliano mwenye busara ataichagua ya pili akiwa amefumba macho.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza, kwa kuwa unaonyesha jinsi ya kusema mapema. Mwaka 2023 serikali iliandaa mnada wa umeme wa upepo wa baharini ikiweka kikomo cha bei cha pauni 44 kwa megawati-saa, kwa thamani ya fedha ya 2012. Kampuni zikapiga kelele miezi kabla: gharama zimepanda, hatutaweza. Julai mwaka huo Vattenfall, kampuni ya umeme ya Sweden, ilisimamisha mradi wake wa Norfolk Boreas na kusema wazi kwamba gharama zimeongezeka kwa hadi asilimia 40. Septemba mnada ukafika, na hakuna mradi hata mmoja wa upepo wa baharini uliojitokeza. Aibu ikawa ya aliyeweka kikomo. Kabla ya mwaka kwisha serikali ikakipandisha hadi pauni 73, na mnada wa 2024 ukapata watu. Kampuni zile zilitoa namba zao hadharani kabla ya kushindwa. Je, bodi yenu iliwahi kusema hadharani ni sera ipi hasa inayoikwamisha, lini, na kwa kiasi gani? Kama haikuwahi, usiiandike leo kama mshtakiwa aliyekumbuka shahidi baada ya hukumu.

Na kabla hujailaumu serikali popote kwenye taarifa yako, nenda kamuulize mtu anayeshughulika na wabunge. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kampuni za nishati zimevutia kwa mikono miwili: mkono mmoja kwenye matangazo ukiomba dunia safi, mwingine kupitia vyama vya wafanyabiashara ukidhoofisha sheria zilezile. Mkituhumiwa kuwa ndumilakuwili na ikathibitika, taarifa zote mtakazoandika baada ya hapo zitasomwa kinyumenyume. Total, ambayo baadaye mwaka huohuo ilijiita TotalEnergies, ilijiondoa Januari 2021 katika Taasisi ya Petroli ya Marekani, chama cha kampuni za mafuta na gesi, ikieleza kwamba misimamo yao kuhusu tabianchi imeachana. Sikushauri mjitoe popote. Nakushauri upate orodha ya vyama mnavyolipia ada, usome barua zao kwa serikali za miaka miwili iliyopita, na ujue kama kuna hata moja inayopinga sera ambayo taarifa yako inalalamika kwamba imekosekana. Niliwahi kukaa kwenye chumba ambamo barua ya namna hiyo ilisomwa kwa sauti mbele ya mkurugenzi mtendaji. Hakuwa akijua kwamba ipo. Ilikuwa na nembo ya kampuni yake ukurasa wa mwisho, pamoja na za wanachama wengine.

Wanasheria wenu sasa. Hawana wazimu. Juni 2023 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza ilizuia matangazo ya Shell, Repsol na Petronas. Kilichowaponza ni kunyamaza: walionyesha mitambo ya upepo na magari ya umeme, wakaacha kumwambia mtazamaji kwamba sehemu kubwa ya biashara yao bado ni mafuta na gesi. Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliona kwamba baadhi ya maelezo ya TotalEnergies kwa wateja wake, yakiwemo ya kufikia sifuri ifikapo 2050, yalikuwa ya kupotosha, ikaagiza yaondolewe. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia Septemba 27, 2026 ni marufuku kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa haina madhara kwa tabianchi kwa sababu tu umenunua vyeti vya miti iliyopandwa kwingine.

Uholanzi ndiko walikokwenda mbali zaidi. Mei 2021 mahakama ya The Hague iliiamuru Shell ipunguze hewa ukaa kwa asilimia 45 kufikia 2030, pamoja na ile ya wateja wake. Novemba 2024 mahakama ya rufaa iliifuta namba hiyo. Magazeti mengi yaliandika kwamba Shell imeshinda, nayo ilishinda kweli, lakini mahakama hiyohiyo ilishikilia kwamba kampuni ina wajibu wa kupunguza hewa hiyo. Ilichokataa ni majaji kuipangia kampuni asilimia. Mwanasheria wenu ameisoma hukumu yote, na hofu yake inatoka kwenye zile kurasa ambazo magazeti hayakuzifikia.

Lakini kunyamaza nako kumejaribiwa. Kanada ilipopitisha Juni 2024 sheria inayodai ushahidi kwa kila dai la kimazingira, muungano wa kampuni za mafuta yanayochimbwa kwenye mchanga ulifuta takribani kila kitu kwenye tovuti yake. Kisheria pengine ilikuwa salama. Kwa mtu wa kawaida aliyefungua ukurasa na kuukuta mtupu, ilisomeka kama kukiri. Tena kampuni yenu haiwezi kunyamaza kwa kweli: bajeti imekatwa, mtandao wa wachambuzi wa fedha utajua ndani ya robo mwaka, na wafanyakazi wa kitengo cha jua wameshajua. Mtakachonyamazia ni sababu tu, na sababu wataijaza wengine.

Ukitaka kuona jinsi wengine wanavyoijaza, tazama siku za giza. Februari 2021 baridi kali iliiangusha gridi ya Texas, na takwimu rasmi za jimbo zilihesabu vifo 246. Siku zilezile picha ya helikopta ikimwagia maji ya moto panga la upepo lililoganda ilikuwa imezunguka dunia kama ushahidi kwamba upepo ndio uliosababisha. Ilikuwa picha ya zamani, ya Sweden. Uchunguzi wa wasimamizi wa umeme wa Marekani ulikuja kuonyesha kwamba upungufu mkubwa zaidi ulitoka kwenye mitambo ya gesi: visima viliganda, na baadhi ya vituo vya kusukuma gesi vilikatiwa umeme katika mgawo uleule uliokusudiwa kuokoa gridi, hivyo mitambo ikakosa gesi na mgawo ukazidi. Mapanga nayo yaliganda, hilo ni kweli. Lakini picha ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Aprili 28, 2025, saa sita na nusu mchana, Hispania na Ureno zikazimika. Gigawati 15 zilipotea ndani ya sekunde tano. Kabla jioni haijaingia palikuwa na tamko lililodaiwa kutoka kwa REN, kampuni ya gridi ya Ureno, kwamba ni tukio nadra la angahewa. REN ikakana kuliandika. Wengine wakasema wadukuzi. Wengi wakasema jua, kwa kuwa saa hiyo paneli za jua zilikuwa zikitoa sehemu kubwa ya umeme. Ripoti ya serikali ya Hispania ilitoka Juni 17, wiki saba baadaye: volteji, yaani msukumo wa umeme kwenye nyaya, ilipanda kupita kiasi na vituo vikajizima kimoja baada ya kingine, huku uwezo wa kuidhibiti ukiwa haukutosha, kwa kuwa mwendesha gridi hakupanga mitambo ya kutosha na baadhi ya mitambo iliyopangwa na kulipwa kwa kazi hiyo haikuifanya ipasavyo. Mwendesha gridi na kampuni za umeme waliendelea kutupiana mpira hata baada ya hapo.

Kinachonisumbua ni zile wiki saba. Wahandisi walihitaji muda, na ni haki yao. Lakini kama umma haukuwahi kuelezwa katika siku za kawaida volteji ni nini na nani analipwa kuishika, siku ya giza hakuna atakayesubiri. Ninyi mnaozalisha umeme wa jua mnapaswa kuwa na maelezo hayo tayari leo: mitambo yenu inasaidia gridi kwa kiasi gani, na haisaidii wapi. Hasa wapi haisaidii. Mkilisema wenyewe sasa ni elimu.

Jambo la ardhi nitalipita haraka, si kwa kuwa ni dogo, ila kwa kuwa hukuliuliza. Norway ina mitambo 151 ya upepo huko Fosen ambayo Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo ilisema Oktoba 2021 kwamba vibali vyake vilikiuka haki za wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mitambo iliendelea kuzunguka, na makubaliano na wafugaji yalipatikana kati ya Desemba 2023 na Machi 2024, baada ya vijana kukaa kwenye milango ya wizara. Kando ya Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365 ilikuwa imesimama mwaka 2017 ikisubiri njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400, ambayo ilikamilika 2018, na mkataba uliitaka serikali ilipe wakati wa kusubiri. Mwaka 2021 mahakama ikasema hati za ardhi hazikupatikana kihalali. Sehemu zote mbili neno "safi" halikuwalinda wenye mradi hata kidogo. Mtu anayepoteza malisho haulizi hewa ukaa.

Bili, hata hivyo, huwezi kuipita. Mtaendelea kuulizwa: mlituambia jua ni rahisi, mbona umeme haushuki? Paneli zimeshuka bei sana, kwa takribani asilimia 90 ndani ya muongo mmoja tangu 2010. Lakini bili ina gharama ya kuzalisha, ya kusafirisha, ya kusambaza, kodi na tozo, na pale ambapo mtambo wa gesi ndio unaopanga bei ya soko, umeme wa jua nao huuzwa kwa bei hiyo. Gridi zenyewe zinadai fedha: Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema mwaka 2023 kwamba kufikia 2040 dunia itahitaji kujenga au kubadilisha kilomita milioni 80 za nyaya, sawa na gridi yote iliyopo sasa. Ukisema "rahisi" bila kusema rahisi wapi, unakopa imani ambayo bili ya mwezi ujao itakuja kuidai. Ujerumani ilijifunza mwaka 2023: rasimu ya sheria ya kubadilisha mifumo ya kupasha joto nyumba ilivuja magazetini kabla serikali haijasema ni nani atasaidiwa na kwa kiasi gani. Mjadala uliobaki ukawa wa hofu, na ruzuku zilipokuja kutangazwa wachache ndio waliokuwa bado wanasikiliza.

Basi turudi kwenye rasimu yako. Usianze na dhamira. Anza na uamuzi, kisha utenganishe yale madeni matatu. Ningeiandika hivi, nafasi tupu ujaze wewe:

"Leo bodi imepunguza bajeti yetu ya umeme wa jua na upepo kutoka __ hadi __ kwa miaka mitatu ijayo. Asilimia __ ya mapato yetu inatokana na mafuta na gesi, na kwa uamuzi huu sehemu hiyo haitashuka kwa kasi tuliyotangaza miaka minne iliyopita. Wakati ule hatukueleza kwamba ahadi yetu ilitegemea mambo tusiyoyamiliki. Tulipaswa kueleza.

Yaliyo mikononi mwetu hayajabadilika: methani inayovuja kwenye mitambo yetu itapungua hadi __ kufikia mwaka __, na kila mwaka tutachapisha vipimo vilivyokaguliwa na mtu wa nje. Miradi __ tumeiahirisha. Itarudi endapo __ na __ vitatimia. Tumeviandika hapa ili mtupime navyo. Sera tunayoiomba serikali ni __, na barua tulizoandika kuiomba, sisi na vyama tulivyomo, zimeambatishwa. Kuhusu hewa ukaa inayotokana na mafuta tunayowauzia wateja, mwaka jana ilikuwa tani __. Hatuna mpango unaoifikisha sifuri kwa sera zilizopo."

Sentensi ya mwisho ndiyo bosi ataikata kwanza. Mwambie mwanasheria aisome kabla ya bosi. Utashangaa, pengine ataitetea, kwa kuwa kati ya zote ndiyo pekee ambayo hakuna mahakama itakayoiita ya kupotosha. Ile ya barua zilizoambatishwa itazua ugomvi mkubwa zaidi, na inaweza kukuchukua wiki kadhaa za kuhangaika na watu wa ghorofa za juu. Ikishindikana kuziambatisha, basi toa pia sentensi inayolaumu sera, usiibakize peke yake.

Na wafanyakazi wa kitengo cha jua wasomewe kabla ya vyombo vya habari, hata kama ni kwa saa moja, na mtu mwenye mamlaka ya kujibu swali la ajira. Watauliza hilo kwanza, na nafasi tupu ya jibu lake nimeshindwa kukuwekea hapo juu kwa sababu barua yako haikuwataja.